Tegu wa nguruwe hana wizara: barua ya wazi kwa mawaziri watatu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu, TAMISEMI,

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni mkaguzi wa nyama mstaafu. Kwa miaka 27 nilishika kisu na muhuri kwenye makaro ya kuchinjia ya mkoa ambao leo unaitwa Songwe, na ambao kabla ya mwaka 2016 ulikuwa sehemu ya Mbeya. Nawaandikia watatu kwa pamoja kwa sababu jambo lenyewe limelala katikati yenu. Kila nilipolipeleka kwenye meza moja, nilielekezwa kwenye meza nyingine. Watu wa afya waliniambia hilo ni la nguruwe, nenda mifugo. Watu wa mifugo wakaniambia hilo ni la vyoo na kifafa, nenda afya. Halmashauri wakaniambia bajeti imeshapita. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hiki chetu hakina hata nahodha mmoja.

Nazungumzia tegu wa nguruwe, mnyoo anayezunguka kati ya nguruwe na mtu.

Niruhusuni nianzie kwenye ulimi. Mnunuzi wa nguruwe akifika kwa mfugaji kijijini hatangulizi bei. Kwanza nguruwe analazwa ubavu, vijana wawili wanamkalia, kijiti kinapenyezwa mdomoni kukinga meno, halafu ulimi unavutwa nje kwa kitambaa maana unateleza. Mnunuzi anapitisha kidole chini ya ulimi, taratibu, kama mtu anayechambua mchele kutafuta mawe. Akigusa vijipunje vinavyotembea chini ya ngozi, anauachia ulimi, anafuta mikono kwenye majani na kuaga. Hasemi neno, na mfugaji hamuulizi. Wote wawili wanajua. Jioni atakuja mnunuzi mwingine, yule wa nusu bei, na nguruwe huyo atachinjwa usiku nyuma ya nyumba, mahali ambapo mkaguzi haitwi.

Vijipunje vile ni malengelenge ya tegu. Kila kimoja ni kifuko cheupe chenye maji, kuanzia ukubwa wa punje ya mchele mpaka wa punje ya njegere, na ndani yake kuna kichwa cha mnyoo kinachosubiri kuliwa. Mwaka 2004 Helena Ngowi na watafiti wenzake walichapisha kazi waliyoifanya Mbulu. Walikagua nguruwe 770 kwa njia hiyo hiyo ya ulimi, na wakawakuta na malengelenge asilimia 17.4. Nami niliyepasua nyama kwa miaka yote hiyo nawaambia kwamba ulimi unaficha. Nguruwe mwenye malengelenge machache hupita kwenye kidole cha mnunuzi akiwa safi kabisa, ukaja kuyakuta kwenye taya, kwenye moyo au ndani ya paja, tena baada ya kukata mara tatu au nne. Kwa hiyo mtu akikuletea takwimu za ulimi, jua kwamba hali yenyewe ni mbaya zaidi.

Sasa naomba twende polepole, maana hapa ndipo wengi wanapopotea, wakiwemo watumishi wenzangu. Nimekaa kwenye semina nikasikia mtu mzima mwenye cheti akisema kitimoto kinaleta kifafa. Sivyo kinavyokwenda. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye malengelenge hai, isiyoiva sawasawa, anachopata ni mnyoo. Lengelenge linafunguka tumboni, kichwa kinajishikiza kwenye utumbo mwembamba, na tegu anaota pingili baada ya pingili mpaka anafika mita mbili, tatu na hata kupita hapo. Anaweza kukaa humo miaka bila mwenye tumbo kujua, isipokuwa labda siku moja aone kwenye kinyesi vipande bapa vyeupe kama tambi pana. Kila pingili iliyokomaa inaweza kuwa na mayai 50,000 hivi.

Kifafa kinatoka kwenye mayai hayo. Nguruwe anayezurura akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai yanaanguliwa tumboni mwake, yanatoboa utumbo, yanafuata damu na kwenda kutua kwenye misuli, na hapo ndipo malengelenge yanapoota. Binadamu naye akiyameza, kwa mkono usionawa, kwa mboga iliyonyeshewa maji machafu, kwa maji ya kisima yasiyochemshwa, safari ni ile ile. Yai halijui kama limeingia kwa nguruwe au kwa mtoto wa mtu. Linakwenda kwenye misuli, linakwenda kwenye jicho, linakwenda kwenye ubongo. Likitua kwenye ubongo linaweza kunyamaza kwa miaka. Siku linapoanza kufa, mwili unaligutukia na kulipiga vita, na mtu anaanguka.

Ndiyo maana nikikaa mahali panapouzwa kitimoto sihangaiki sana na nyama, maana nyama iliyokaangwa mpaka ikakauka haina tegu aliye hai. Natazama kachumbari, na mikono ya anayeikata. Kama mkataji ana tegu tumboni, na choo cha nyuma hakina maji wala sabuni, basi mayai yapo kwenye kucha zake, na nyanya na kitunguu haviendi motoni. Nyumbani ni hivyo hivyo. Mwenye tegu ni hatari kwanza kwake mwenyewe, halafu kwa watoto anaowalisha kwa mkono.

Na ndiyo maana mtu asidhani kwamba dini yake inamkinga. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walichapisha habari za Wayahudi wenye kushika dini sana, wakazi wa New York, watu ambao nguruwe haingii nyumbani mwao, waliokutwa na malengelenge haya kwenye ubongo. Uchunguzi ulielekea kwa wasaidizi wa kazi za nyumbani waliotoka nchi za Amerika ya Kilatini zenye tegu. Nyama haikuhusika kabisa. Jirani zangu Waislamu wa hapa mjini wanaponiambia hilo ni tatizo la wala nguruwe, huwasimulia habari hiyo, na huwaona wakinyamaza.

Waheshimiwa, mpwa wangu, binti wa dada yangu, alianza kuanguka akiwa darasa la sita. Mara ya kwanza ilikuwa shambani, watu wakasema ni jua. Mara ya tatu ilikuwa jikoni. Alikuwa anasonga ugali, akaanguka kifudifudi, mkono wa kushoto ukaingia katikati ya mafiga. Walikuwepo watu watatu pale na hakuna aliyemvuta, kwa sababu huku kwetu wengi wanaamini ukigusa povu la mwenye kifafa nawe umekwisha. Dada yangu alikuja mbio kutoka kisimani akamtoa. Vidole vitatu vilipona vikiwa vimegandana. Shule ikaishia hapo. Hakuna aliyemwandikia barua ya kumfukuza. Wenzake walikataa kukaa naye dawati moja, na hakutokea mkubwa wa kusema basi.

Alipelekwa kwa waganga wawili. Zahanati walimpima malaria. Ilichukua miaka minne kufika kwenye hospitali yenye mashine ya CT, na siku hiyo mimi ndiye niliyempeleka. Daktari aliiweka picha kwenye kioo chenye taa, akatuonyesha vidoa vya mviringo ndani ya ubongo, vingine vikiwa na nukta ndogo katikati. Akaanza kutueleza kwa upole, akitafuta maneno mepesi. Mimi hakuhitaji kunieleza. Vidoa vile nilikuwa nimevikata kwa kisu mara zisizohesabika kwenye misuli ya nguruwe, na nukta ile naijua, ndicho kichwa chenyewe. Nilitoka nje nikasimama chini ya mti. Nililipwa mshahara na Serikali, mwezi kwa mwezi, ili kitu kile kisifike pale kilipofika.

Si kila kifafa kinatokana na tegu, na sitaki barua yangu ichukuliwe hivyo. Kuna watoto walioumia wakati wa kuzaliwa, kuna malaria kali ya kichwani, kuna ajali za bodaboda. Kule Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa miaka 60 iliyopita na zaidi, kinachotajwa sana ni ugonjwa wa usubi, ule unaopofusha macho. Lakini pale Haydom, wilayani Mbulu, watu 212 wenye kifafa walipopigwa picha za CT, karibu mmoja kati ya kila sita alikutwa na dalili za malengelenge ya tegu kwenye ubongo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Huku kwetu Mbozi, watu 830 wa vijiji 13 walipopimwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, asilimia 16.7 walikuwa na alama za malengelenge hai mahali fulani mwilini, na asilimia 5.2 walikuwa na tegu mwenyewe tumboni. Hesabu iliyofanywa kwa mwaka 2012 kwa nchi nzima ilikadiria watu wapatao 17,800 wenye kifafa kilichotokana na tegu huyu, na vifo zaidi ya 200 ndani ya mwaka huo mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo yenye tegu, asilimia 30 ya kifafa chote inaweza kutokana naye, na katika jamii zilizo kwenye hatari kubwa zaidi hufika hata asilimia 70.

Ugonjwa huu hauna kishindo. Ebola ikitajwa, ndege zinazuiwa. Kimeta kikiua ng'ombe wawili, redio zinatangaza. Tegu anaua mmoja mmoja: huyu kwa kutumbukia kisimani, yule kwa kuungua, mwingine kwa kuanguka kutoka kwenye baiskeli njiani, na kila mmoja anazikwa kwa jina la ajali. Kwenye daftari la kijiji hakuna safu yake.

Nina jambo moja la kukiri, nalo naliandika ili mwelewe kwa nini naomba ninachoomba. Mwaka mmoja, wiki moja kabla ya Krismasi, mama mjane alileta nguruwe karoni. Alikuwa amemfuga kwa pumba na mabaki ya jikoni mwaka mzima, akitegemea ada na sare za watoto wawili. Nilipopasua taya nikayakuta malengelenge, yamejaa. Nikafanya kama sheria inavyotaka. Nyama nzima nikaikataa, shimo likachimbwa, ikafukiwa, tukaimwagia dizeli. Mama yule hakulia. Alikaa chini kwenye majani, akakunja kanga yake magotini, akaniuliza, "Sasa baba, mimi nimekosa nini?" Sikuwa na jibu. Sheria ilinipa mamlaka ya kufukia nyama, haikunipa shilingi moja ya kumpa yeye. Asubuhi yake nilikuta shimo limefukuliwa. Na kitongoji kile hakikuleta tena nguruwe karoni mpaka nilipohamishwa. Kwenye taarifa yangu ya robo mwaka nilikuwa nimefaulu: mnyama mmoja mgonjwa, mzoga mmoja umeteketezwa. Kijijini tegu ndiye aliyefaulu, maana tangu siku ile nyama yote ilihamia usiku.

Simlaumu mama yule, na nawaomba nanyi msimlaumu mfugaji. Kila kampeni niliyoiona ilianza kwa kumsema yeye: hajengi banda, hachimbi choo, hakagui nyama. Huyu anafuga nguruwe kwa sababu nguruwe ndiye benki ya maskini, anazaa watoto wengi, anakula chochote, anauzika siku mtoto akiugua. Akimfungia bandani inambidi amlishe, na pumba inanunuliwa. Ndiyo maana msimu wa kilimo anamfunga ili asiharibu mahindi ya watu, na mavuno yakishatoka anamfungulia ajitafutie. Mkitaka abadilike, mpeni kitu kinachomlipa.

Na kitu hicho kipo. Hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi, maana hatusubiri uvumbuzi. Mwaka 1993 jopo la kimataifa lililokaa kuchambua ni magonjwa gani yanaweza kufutwa duniani liliweka ugonjwa huu katika orodha fupi ya sita, pamoja na polio na matende. Chanjo ya nguruwe iitwayo TSOL18, iliyotokana na kazi ya Marshall Lightowlers wa Chuo Kikuu cha Melbourne, ipo na inatengenezwa kiwandani India. Dawa ya nguruwe iitwayo oksifendazoli ipo. Dozi moja inaua malengelenge ndani ya nyama nguruwe akiwa hai, na ukisubiri miezi mitatu hivi nyama inakuwa imejisafisha kwa sehemu kubwa. Maana yake yule nguruwe wa mjane, kama ulimi wake ungekaguliwa mapema na mtu mwenye dawa mkononi, asingekuwa wa kufukiwa. Angekuwa wa kutibiwa na kusubiriwa, ada ikachelewa muhula mmoja tu.

Kameruni walijaribu chanjo na dawa hiyo kwa pamoja vijijini, wakachapisha matokeo mwaka 2010: kwa nguruwe waliochanjwa na kutibiwa halikukutwa lengelenge hata moja, na kwa wale walioachwa bila chanjo karibu mmoja kati ya watano alikuwa nayo. Kaskazini mwa Peru, mkoa wa Tumbes, walikwenda mbali zaidi. Walitibu watu, wakatibu nguruwe, wakachanja nguruwe, katika eneo lenye watu zaidi ya 81,000 na nguruwe zaidi ya 55,000, na mwisho wa kazi maambukizi yalikuwa yamekatika katika vijiji 105 kati ya 107. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Na hapa kwetu Tanzania chanjo na dawa hiyo zimejaribiwa kwa wafugaji, taarifa yake ikatoka mwaka 2020. Wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wanaijua kazi hii ndani nje.

Mheshimiwa Waziri wa Mifugo, Juni 2025 nilifuatilia kwa furaha uzinduzi wa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo kule Bariadi, Simiyu. Ng'ombe wanachanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, kuku mdondo. Serikali inabeba nusu ya gharama kwa ng'ombe na mbuzi, na kuku wanachanjwa bure. Ni kazi njema na nitaisifu popote. Nilikaa karibu na redio nikisubiri nguruwe atajwe, nikasubiri mpaka hotuba zikaisha. Naomba aingizwe. Gari ni lile lile, jokofu la chanjo ni lile lile, afisa wa kata ni yule yule. Tena mfugaji wa nguruwe akishaona chanjo inaondoa yale malengelenge yanayomshushia bei, hatahitaji kusukumwa, atakuja mwenyewe na kamba mkononi. Ongezeeni oksifendazoli. Chanjo inamkinga nguruwe asipate mapya, dawa inaua yaliyokwishaingia. Moja bila nyingine ni nusu ya kazi.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwako nina maombi mawili. La kwanza ni la haraka na halina gharama kubwa: fenobabitoni isikosekane zahanati. Ni dawa ya zamani, ni rahisi kuliko nyingi, na mwenye kifafa akikatishwa ghafla anaweza kuanguka mfululizo mpaka akafa. Mpwa wangu ameshatembea kilomita 14 kwenda kuambiwa dawa imekwisha, arudi wiki ijayo. Wiki ile alianguka mara tisa. Serikali imefunga mashine za CT katika hospitali za rufaa za mikoa, na hilo limeokoa watu. Basi mtu wa kijijini anayeanza kuanguka akiwa mkubwa, bila historia ya utotoni, aandikiwe rufaa ya picha mapema, na gharama isiwe ukuta kwa asiye na bima.

Ombi la pili ni la kutibu tegu kwa watu, na hapa naomba uangalifu mkubwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kugawa dawa za tegu kwa jamii nzima. Prazikwanteli, ile tunayoiita dawa ya kichocho, tunayo tayari mashuleni, na watafiti waliofuatilia Mbozi na Mbeya waliona kwamba ugawaji wake ulipunguza tegu pia. Lakini dawa hiyo inafika kwenye ubongo. Mtu mwenye malengelenge yaliyonyamaza kichwani anaweza kuimeza leo na kuanguka kesho, na mtu mmoja akianguka mbele ya kijiji, kijiji kizima kitakataa dawa zote kwa miaka kumi, hata za matende. Kwa hiyo wagawaji wafundishwe kuuliza kwanza: umewahi kuanguka? Unaumwa kichwa kikali kisichokwisha? Wenye jibu la ndiyo waende kwa daktari. Na ipatikane niklosamidi, ambayo karibu yote hubaki tumboni na kumpiga mnyoo humo humo bila kugusa ubongo.

Mheshimiwa Waziri wa TAMISEMI, wewe ndiye mwenye watu. Afisa mifugo wa kata ni wako, mganga wa zahanati ni wako, afisa afya ni wako, mtendaji wa kijiji ni wako. Wanalipwa na halmashauri moja, wanakaa jengo moja, na wengi wao hawajawahi kukaa meza moja kuzungumzia nyumba moja. Naomba agizo moja tu la maandishi: mtu akikutwa na tegu zahanati, afisa mifugo aende kwake kuangalia nguruwe, nguruwe akikutwa na malengelenge, mganga aende kwenye nyumba ile kuwatibu watu. Sasa hivi kila mmoja anafunga faili lake. Nilikagua nguruwe miaka 27 na sikuwahi kumtumia mganga hata karatasi moja, kwa sababu hapakuwa na fomu ya kufanya hivyo, na mimi sikuitengeneza.

Kuhusu vyoo nitasema kwa ufupi, maana kampeni ya Nyumba ni Choo imefika mbali na sitaki kuirudia. Tazameni tu mlango. Nimeona vyoo vingi vilivyohesabiwa kwenye taarifa ambavyo havina mlango wala ukuta wa nyuma, na nguruwe anaingia humo kama anavyoingia bandani. Choo ambacho nguruwe anaingia kisihesabiwe. Na watoto wadogo wanaojisaidia uani, kinyesi chao kizolewe kitupwe chooni; mama wengi wanaamini cha mtoto hakina madhara.

Dawati la Afya Moja lipo katika Ofisi ya Waziri Mkuu, nalo liliwekwa kwa ajili ya magonjwa ya namna hii hasa, yanayopita kati ya wanyama na watu. Naomba tegu apewe mtu mmoja pale, mwenye jina na namba ya simu, wa kuulizwa na ninyi watatu: Songwe mmefika wapi, Mbeya mmefika wapi, Njombe, Iringa, Rukwa, Manyara. Anzeni hata na wilaya mbili. Mbozi na Mbulu zina takwimu za kuanzia tayari, kwa hiyo baada ya miaka mitatu mtajua kama mmeshinda au la, bila kubahatisha.

Nimalizie na jambo la majira, ambalo mtu wa Dodoma hawezi kulijua asipoambiwa. Nguruwe wa huku hufungwa mvua zikianza, mwezi wa Novemba au Desemba, na hukaa bandani mpaka mahindi yatoke. Katika miezi hiyo afisa anaweza kuchanja banda kwa banda bila kumkimbiza mnyama hata mmoja. Kuanzia Juni, Julai, wanafunguliwa, na hapo hakuna atakayewakamata tena. Chanjo ni dozi mbili. Kwa hiyo shehena isiposhuka halmashauri kabla ya mvua, mwaka huo umepotea, na hata fedha zikija Julai zitarudi. Naomba dozi ya kwanza iwe Januari.

Nami bado nina nguvu. Nikiitwa kufundisha vijana jinsi ya kuvuta ulimi wa nguruwe bila kung'atwa, nitakuja kwa nauli yangu.

Wenu mtiifu,
Mkaguzi wa nyama mstaafu,
Mbozi, Songwe